Jinsi ya kupiga hesabu ya kampeni ya kuzuia saratani ya ngozi mpaka halmashauri ikuelewe

Wakuu, hii nimeiandika kwa ajili ya vikundi vya watu wenye ualbino, wazazi, walimu, na yeyote aliyewahi kwenda kuomba hela ya losheni ya jua na kofia akaambiwa bajeti hakuna. Sisi tuliambiwa hivyo. Mara ya kwanza tulienda na picha za vidonda, zile mbaya kabisa, tukazisambaza mezani, watu wakasikitika, mmoja akatoa elfu kumi mfukoni kwake, afu kikao kikaendelea na ajenda ya stendi. Tunatoka nje afisa mmoja wa mipango akanifuata akaniuliza kitu kimoja tu, nyie mnataka milioni saba, nikiwapa hizo milioni saba wilaya inapata nini? Sikuwa na jibu. Nilikasirika, nikaona huyu mtu hana utu, ila baadae usiku nikawaza kumbe stendi yenyewe ilipita kwa sababu ililijibu hilo swali, ushuru kiasi gani kwa siku, imeisha. Sisi tulileta huzuni, na huzuni haina kasma, yaani haina fungu kwenye bajeti.

Basi nikakaa kujifunza hii hesabu. Siyo ngumu, ukijua kuzidisha na una simu yenye Excel unaiweza.

Kabla ya namba zako, beba mfano mmoja wa wenzetu mfukoni

Utaulizwa tu, kuna mahali popote hii imewahi kulipa? Ipo, Australia. Kule watu wengi wana ngozi nyeupe na jua lao ni kali, inakadiriwa watu wawili kati ya watatu watakuwa wamepimwa na kukutwa na saratani ya ngozi ya aina fulani wakifika miaka 70. Mwaka 1981 wakaanza na tangazo la ndege wa baharini aliyechorwa anaimba vaa shati, paka losheni, vaa kofia, watoto wakalikariri kama sisi tulivyokuwa tunakariri matangazo ya redio. Afu mwaka 1988 jimbo la Victoria likaanzisha mpango mkubwa unaoitwa SunSmart, na hela ilitoka wapi, sikiliza hapa, ilitoka kwenye ushuru wa sigara, walitunga sheria mwaka 1987 ushuru wa tumbaku uende kwenye mfuko wa kukuza afya. Yaani saratani moja ikalipia kinga ya nyingine.

Ndani ya miaka mitatu ya mwanzo wakawa wanapiga simu kwa watu kuwauliza wikiendi ilikuwaje, ulivaa nini, uliungua? Walioungua jua wakashuka kutoka asilimia 11 hadi 7, waliovaa kofia wakapanda kutoka 19 hadi 29, waliopaka losheni kutoka 12 hadi 21. Hizo namba zishike, nitarudi nazo chini. Wachumi walipokuja kupiga hesabu miaka mingi baadae wakakuta kila dola iliyowekwa imerudisha dola mbili na kitu. Jimbo lingine, New South Wales, walichukua matangazo yao matatu ya kati ya 2006 na 2013, gharama jumla dola milioni 15.63, wakakadiria saratani zaidi ya 13,000 zimezuiliwa na vifo 112, na kila dola moja ikarudisha 3.85.

Sasa usije ukazichukua hizo namba ukazibandika kwenye barua yako kama zilivyo, mjumbe yeyote mwenye akili atakuuliza Australia na Sengerema wapi na wapi, na atakuwa sahihi. Unazitumia kuonyesha njia waliyopita, faida yako wewe unaikokotoa upya.

Na hapa ndo penye tofauti kubwa ambayo watu wetu wengi wanaikosea. Kule hatari imesambaa kwa karibu kila mtu ndo maana tangazo la TV la nchi nzima lina maana. Huku kwetu mtu mweusi wa kawaida hana haja kubwa ya losheni ya jua kwa sababu ya saratani, melanini yake, ile rangi ya ngozi, inamlinda, hata ile saratani ya ngozi inayowapata watu weusi chini ya unyayo haisababishwi na jua. Hatari ya jua imekusanyika kwa watu wachache, wenye ualbino, na kwao ni kubwa kweli kweli, vidonda vya mwanzo vinaanza utotoni na ujanani, saratani yenyewe inawakuta kwenye miaka ya ishirini na thelathini. Kwa hiyo kampeni ya mabango barabarani "jikinge na jua" kwa wilaya nzima ni hela kumwagika mchangani. Ile ile hela ukiipeleka kwa watu themanini unaowajua kwa majina, kila shilingi inapiga penyewe. Nimeshaona fulana elfu moja zimechapishwa kwa ajili ya maadhimisho ya tarehe 13 Juni, siku ya ualbino duniani, mikono mifupi. Mikono mifupi jamani!

Hatua ya kwanza, ujue mko wangapi

Sensa ya 2012 ilihesabu watu wenye ualbino 16,477 Tanzania nzima. Utafiti wa zamani wa Dar uliofanywa na daktari Luande miaka ya 80 ulikadiria mmoja katika kila watu 1,400 hivi, ukigawa watu karibu milioni 45 wa mwaka ule wa sensa kwa 1,400 unapata kama 32,000. Karibu mara mbili. Inawezekana makadirio ya Dar hayafai kwa nchi nzima, ila mi naamini pia kuna watu hawakuhesabiwa kwa sababu walikuwa wamefichwa ndani, na baada ya yale mauaji ya watu wenye ualbino wazazi wengi walikuwa na sababu ya kuficha. Kwa hiyo usichukue namba ya ofisini ukaridhika. Piga simu kwa mwalimu mkuu wa kila shule, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwenyekiti wa kitongoji, shehe na mchungaji.

Ila kwenye karatasi ya kikao weka idadi tu kwa kata. Majina na vitongoji yabaki kwa mtu mmoja anayeaminika, usiyarushe kwenye grupu la WhatsApp, usiyabandike ukutani. Hilo sihitaji kueleza sana.

Hatua ya pili, gharama, na hapa ndo pa kukaa muda mrefu

Watu wanaanza na losheni. Anza na vitu vya bure. Mwanafunzi kuhamishwa kipindi cha michezo kutoka saa tano kwenda saa mbili asubuhi, gharama sifuri. Kumwondoa kwenye zamu ya kufyeka na kumwagilia mchana akapewa kazi ya ndani, sifuri. Sare ya mikono mirefu na sketi au suruali ndefu ni nyongeza ya kitambaa tu, mwalimu mkuu akikubali mara moja basi imekubalika miaka yote. Gulio kuwa na kibanda chenye kivuli kwa mama anayeuza nyanya. Hivi vyote unaviandika kwenye jedwali na unaweka 0 mbele yake, usiviache, kwa sababu wajumbe wakiona nusu ya mpango wako hauombi hela wanakaa vizuri kwenye kiti.

Afu nguo inakata gharama ya losheni, hii watu hawaijui. Mtu mzima akipaka mwili mzima inavyotakiwa anatumia kama mililita 30 kwa mara moja, na inabidi arudie kila baada ya masaa mawili akiwa juani, piga mwenyewe, chupa ya mililita 100 haimalizi siku mbili. Akivaa mikono mirefu, kofia pana na suruali, anabaki na uso, masikio, shingo na viganja vya juu, kijiko kimoja cha chai kinafunika uso na shingo, ongeza kidogo ya mikono. Yaani shati la mtumba la elfu tatu linaokoa losheni ya maelfu kila mwezi. Kwa hiyo kwenye bajeti shati na kofia vinatangulia, losheni ya SPF 30 (kipimo cha nguvu ya kuzuia jua) au zaidi inafuata kwa sehemu zilizobaki wazi.

Kofia iwe pana pande zote, sentimita nane hadi kumi. Kapelo siyo kofia ya kazi hii, inaacha masikio na shingo ya nyuma, na hapo hapo ndo saratani zinapoota. Tuliwahi kuletewa msaada wa kapelo boksi zima, nzuri, tukashukuru, tukawapa timu ya mpira.

Losheni yenyewe ipo inayotengenezwa hapa hapa nchini, Kilisun, inatengenezwa Moshi pale hospitali ya KCMC kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi na ilibuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino, inagawiwa kupitia kliniki. Kabla hujaandika bei ya duka la dawa kwenye bajeti yako uliza kwanza kama wilaya yenu iko kwenye mzunguko wa kliniki za ngozi, maana pengine losheni mnaipata na kinachokosekana ni nauli ya kuifuata. Kenya wenzetu serikali inagawa losheni bure kupitia baraza la taifa la watu wenye ulemavu, na huo ni mfano mwingine wa kubeba kikaoni, madiwani hawapendi kusikia Kenya wametutangulia, itumie.

Gharama ya mwisho ni kliniki, mara mbili kwa mwaka mtu anakaguliwa ngozi yote na kile kidonda cha mwanzo, kile kikavu kinachokwaruza kama msasa, kinapuliziwa nitrojeni baridi kali kinaganda na kudondoka. Dakika chache tu. Usiikate kliniki ili kununua losheni zaidi, wale watu wazima ambao ngozi yao imeshaungua miaka thelathini losheni peke yake imechelewa, wanaokolewa na macho ya nesi.

Hatua ya tatu, mnapoteza nini msipofanya kitu

Nenda hospitali ya wilaya uombe kuangalia daftari la rufaa, bila majina, wangapi wametumwa kwa sababu ya kidonda cha ngozi. Afu, na hii ni kazi nzito ya moyo, ongea na familia zilizopoteza mtu ndani ya miaka kumi. Waulize tu alianza lini, alikwenda wapi, nauli, gesti, nani aliacha kazi kumuuguza, waliuza nini. Utashangaa wanavyokumbuka kila shilingi. Ng'ombe wawili, shamba la mpunga nusu eka, msingi wa duka la dada yake.

Sasa sikiliza jambo ambalo lilinipotezea mwaka mzima. Mara ya kwanza nilihesabu bili za hospitali peke yake, nikasema tukizuia saratani kumi tunaokoa matibabu ya watu kumi. Hesabu ikaja kampeni inakula hasara! Nikachanganyikiwa. Kumbe sababu ni mbaya kuliko hesabu yenyewe, huku kwetu wagonjwa wengi hawafiki hospitali ya saratani ya Ocean Road Dar wala Bugando Mwanza kupata mionzi, wanabaki nyumbani na kitambaa kichwani, na mtu anayefia nyumbani hana bili. Ukihesabu bili tu, wilaya ambayo haitibu mtu ndo itaonekana imebana matumizi vizuri kuliko zote. Kwa hiyo lazima uhesabu miaka ya kazi iliyopotea, ya mgonjwa na ya anayemuuguza, pamoja na kazi isiyolipwa, mama anayelima na kupika unamwekea ujira wa kibarua wa pale kijijini. Mi hii sehemu hainipendezi, kumpima mtu kwa kipato chake, ila ukiacha wazi wao wanaweka sifuri.

Hatua ya nne, hesabu yenyewe

Hizi chini ni namba za mfano, nimezitunga ili uone mwendo, futa weka zako.

Watu 80. Kila mmoja kwa mwaka losheni, kofia, shati na kliniki, tuseme 90,000. Mara 80 ni milioni 7.2 kwa mwaka. Kwa miaka kumi ni milioni 72, ila hela ya leo na hela ya mwaka wa kumi hazilingani uzito, ndo maana fundi anataka advansi, kwa hiyo unaipunguza kila mwaka, wengi kwenye hesabu za afya wanatumia asilimia 3. Kwenye Excel andika =PV(3%,10,-7200000) inakupa kama milioni 61.4. Hiyo ndo gharama yako kwa thamani ya leo.

Upande wa pili. Tuseme bila kampeni watu 20 kati ya 80 wangepata saratani kubwa ndani ya miaka kumi, na kampeni inazuia nusu, watu 10. Kila mmoja angegharimu matibabu milioni 1.5, nauli na kuuguza milioni 1, na angepoteza miaka 12 ya kazi yenye kipato cha 150,000 kwa mwezi, yaani milioni 1.8 kwa mwaka, ukiipunguza kwa njia ile ile ni kama milioni 17.9. Jumla milioni 20.4 kwa mtu. Ila saratani hizo zisingetokea zote mwaka huu, zingesambaa, chukua katikati, mwaka wa tano, zidisha kwa 0.8626 (ni 1 ukiigawa kwa 1.03 mara tano), inabaki milioni 17.6. Mara watu kumi, milioni 176. Gawa kwa 61.4 unapata 2.87, yaani kila shilingi inarudi karibu shilingi tatu.

Sasa rudia kwa bili za hospitali tu, milioni 1.5 mara kumi mara 0.8626 ni kama milioni 12.9, gawa kwa 61.4, ni 0.21. Unaona? Watu wale wale, losheni ile ile. Zote mbili ziweke kwenye karatasi, eleza kwa nini ya pili ni ndogo, usiifiche, kwa sababu mhasibu atakayekaa mwisho wa meza ataipiga mwenyewe kwenye kikokotoo na akikuta umeificha umekwisha.

Hatua ya tano, jishambulie kabla hujashambuliwa

Gawa 61.4 kwa 17.6, unapata 3.5. Maana yake mkiokoa watu wanne tu kati ya themanini kwa miaka kumi hela imerudi, mkiokoa watatu haijarudi. Sentensi hii moja ilifanya kazi kuliko karatasi zote nilizowahi kuandika, kwa sababu diwani hawezi kubishana na asilimia 3 wala PV ila anaweza kujiuliza je hawa watu wataokoa wanne? Na yeye kwenye kata yake anamjua mmoja tayari.

Afu jaribu kushusha kila kitu. Je nusu ya watu wasipopaka? Je bei ya losheni ikipanda? Je umri wa kuishi uwe mfupi? Ukikuta hesabu inavunjika kwa kusogeza kitu kidogo tu, irudie, labda umeweka vitu vya gharama visivyohitajika. Yetu ilivunjika kwenye semina, tulikuwa na semina nne za hotelini na posho, tukazifuta tukabaki na mafunzo chini ya mwembe shuleni.

Kupima, maana mwaka wa pili watauliza

Kumbuka wale wa Victoria, hawakusubiri saratani zipungue, ingechukua miaka ishirini, walipima kuungua, kofia na losheni. Fanya hivyo hivyo kwa bei rahisi. Siku ya gulio, saa ile ile, mtu asimame ahesabu kati ya watu wenye ualbino waliopita wangapi wana kofia pana na mikono mirefu. Losheni, mtu arudishe chupa tupu ndo apewe nyingine, chupa zinakuambia ukweli ambao dodoso halikuambii (mama mmoja alirudisha imejaa, kumbe mume alimwambia aitunze ni ya gharama). Kliniki, hesabu vidonda vidogo na vikubwa tofauti, ukianza kuona vidogo vimeongezeka na vikubwa vimepungua usiogope ukadhani hali imeharibika, hiyo ndo dalili watu wanakuja mapema.

Pima hata mkikosa hela katikati. Kule Victoria matangazo yalipopungua tabia nazo zilirudi nyuma, kwa hiyo mwaka mliokosa bajeti ukionyesha kofia zimepungua kwenye gulio hiyo ni hoja yenyewe.

Kupeleka

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, ukienda Mei na barua yako vitabu vimeshafungwa watakusikiliza kwa heshima tu. Anza mapema, mwaka wa kalenda uliotangulia ukiwa bado unaelekea mwisho, ongea na mganga mkuu wa wilaya na mratibu wake wa mpango wa afya ili mambo ya kliniki na losheni yaingie kwenye mpango wa afya wa halmashauri, sare na ratiba zipeleke kwa afisa elimu, kofia na kufuatilia familia zipeleke kwa afisa ustawi wa jamii. Usiiombe yote sehemu moja. Na ile asilimia 2 ya mapato ya ndani kwa watu wenye ulemavu usiichanganye hapa, ile ni mikopo ya vikundi, inarudishwa, huwezi kurudisha losheni. Ila kikundi kikitaka kushona kofia pana na kuziuza kwa halmashauri, hapo sawa kabisa, tena fundi akiwa mwenye ualbino anafanya kazi yake ndani kivulini.

Karatasi iwe moja, mbele namba ya watu, gharama, ile sentensi ya watu wanne, nyuma jedwali. Picha za vidonda mi siku hizi sibebi. Nabeba kofia moja na kapelo moja, naziweka mezani, namwomba mjumbe yeyote azivae zamu kwa zamu na mwenzake amwangalie masikio.

Sisi mara ya pili hatukupata zote, tulipata kofia, mafuta ya gari la kliniki, na mwalimu mmoja wa kila shule kupewa mafunzo, losheni wakasema tuendelee na ile ya Moshi kwanza. Chupa tupu zipo stoo, tunazihesabu mwezi wa kumi.